Firigo Ilikuwa Inatia Baridi Vizuri



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia, viatu vya kazi, vumbi na malaria. Safari hii tuzungumze juu ya vyombo vya umeme vinavyobebeka, yaani vile unavyoweza kuvihamisha toka chumba hiki mpaka kile: pasi, resho, ralonji, mashine ya kutoboa, hata firigo. Nitaanza na firigo moja ya Kasomeno, kwa kuwa niliigusa mwenyewe, nikasikia kitu, nikanyamaza.

Wengi wenu mnaijua Kasomeno. Ni pale njia itokayo Lubumbashi inapoachana, moja inakwenda Kasenga, nyingine inapanda kuelekea Pweto. Malori yanasimama, abiria wanashuka kununua samaki na maji baridi. Ndugu yetu mmoja wa kazi, ambaye jina lake silitaji, ana lupango pale, na amejenga vyumba vya kupangisha. Chumba cha mbele alimpangisha mama mmoja auzaye vinywaji, pamoja na firigo yake. Chumba cha pili yuko kinyozi. Umeme unatoka kwa gurupu ndogo ya petroli iliyowekwa nyuma ya nyumba.

Mwezi wa nane 2022 nilikuwa katika siku zangu za mapumziko, nikapita pale kunywa maji. Nilipofungua mlango wa firigo, vidole vikasikia kama wadudu wanatembea. Nikauondoa mkono upesi. Mama akacheka: «Haiko kitu, dokta, ni kuran tu inacheza. Simama juu ya ubao.» Kweli, alikuwa ameweka kipande cha ubao mbele ya firigo kwa wateja. Nikasimama juu ya ubao, nikachukua chupa yangu, nikalipa, nikaenda. Mimi, mtu wa dispanseri, ninayewafundisha ninyi usalama kila mwezi.

Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza. Siku moja alasiri, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, nikasikia kelele za wanawake. Mtoto msichana wa miaka kumi hivi alitumwa maji baridi. Hakuwa na viatu. Ubao ulikuwa umesogezwa ili kufagia maji. Alishika mpini wa firigo na mkono haukuachia tena. Mama alitaka kumvuta, na hapo tungehesabu watu wawili, lakini yule kijana kinyozi alimpigia kelele asimguse, akakimbia nyuma ya nyumba akaizima gurupu. Mtoto akaanguka kama nguo. Alikuwa hapumui.

Nitarudia baadaye kusema tulifanya nini. Mtoto yu hai, mjue tangu sasa. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua mpaka ndani na vimekauka vimejikunja. Shuleni anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Wiki iliyofuata nilimwomba fundi mmoja wa umeme, rafiki yangu, aje na vifaa vyake vya kupimia. Alivyofanya pale ndiyo habari ninayotaka uishike.

Kwanza hakupima kitu. Alikaa chini akatazama. Akafungua fishi ya firigo kwa turnevisi. Chombo kama kile kina waya tatu: mbili za kupeleka na kurudisha umeme, na ya tatu yenye rangi mbili, kijani na manjano, ambayo imefungwa kwenye bati la chombo na inapaswa kwenda ardhini. Tulikuta ile ya tatu imekatwa, ncha imekunjwa ndani ya ngozi ya waya, safi kabisa. Prizi ya chumba kile ilikuwa na matundu mawili tu, kwa hiyo fundi wa zamani aliona ni rahisi kuondoa kilichozidi. Na firigo iliendelea kutia baridi vizuri kama kawaida. Hapo ndipo udanganyifu wote ulipo, msomaji. Waya wa tatu haufanyi kazi yoyote siku ambayo chombo ni kizima. Ukiukata, pasi inapata moto, mashine inazunguka, redio inaimba. Hakuna wa kukuambia kwamba mlinzi ameondoka.

Halafu fundi alitoa megomita. Kifaa hiki kinasukuma umeme wa volti 500, wenye nguvu ndogo sana, katikati ya waya za ndani na bati la nje, kuona kama ngozi ya waya bado inazuia. Kwa chombo chenye waya wa ardhi mafundi wengi hawakubali chini ya omu milioni 1. Firigo yetu ilionyesha karibu na sifuri. Akafungua nyuma, akatuonyesha: waya mmoja ulikuwa umelala juu ya ukingo wa bati karibu na moteri, na kwa kutetemeka kila siku ngozi yake ilisagika mpaka shaba ikaonekana. Bati lote la firigo lilikuwa sehemu ya umeme.

Lakini nikamwuliza: kama ni hivyo, kwa nini haikuua mtu mwezi wa nane? Akajibu kwamba gurupu ndogo ina tabia yake. Mara nyingi waya zake zote mbili hazikufungwa ardhini. Ukigusa mmoja tu, umeme hauna njia ya kurudi, na unaweza usisikie kitu. Kosa la kwanza halisemi. Linangoja kosa la pili. Basi tukatafuta la pili, na tukalikuta chumbani kwa kinyozi: ralonji iliyopitishwa kwenye nguzo ya chuma ya baraza, ngozi imepasuka, waya unagusa chuma, na chuma kimesimama ndani ya udongo. Wakati wa kiangazi udongo ni mkavu, unapitisha kidogo, ndiyo wale «wadudu» niliowasikia. Mvua ilipolowesha udongo na miguu ya mtoto, njia ikafunguka: toka gurupu, kwenye bati la firigo, kwenye mkono, kwenye moyo, kwenye miguu, kwenye udongo, kwenye nguzo, na kurudi gurupu.

Sasa nisikilize vizuri juu ya ile ralonji. Ilikuwa na kipande cha utepe mwekundu bado kimeshikamana karibu na fishi. Fundi akaugeuza na kuniangalia. Ilitoka kazini kwetu. Ilikuwa imepimwa, imekataliwa, imetupwa kwenye chuma chakavu, na ndugu yetu mwenye lupango aliiokota. Sikumlaumu sana mbele ya watu. Alisema neno ambalo nimelisikia mara mia kambini: «Lakini ilikuwa bado inawaka.»

Ee ndugu, kuwaka ni kitu kingine. Kazini unajua hivyo. Kazini huchukui mashine ya kukata chuma toka magazini bila kutazama utepe wa miezi mitatu, na kama utepe ni wa zamani unairudisha, hata kama mashine inazunguka. Hakuna anayekuona mwoga. Ukifika nyumbani unashika resho iliyofungwa kwa plastiki ya mfuko, mtoto mgongoni, maji chini ya miguu. Je, umeme wa nyumbani ni mpole zaidi? Ni volti 220 ule ule.

Niseme kidogo hesabu, kwa maana wengine wanafikiri umeme unaoua ni ule wa nguzo kubwa peke yake. Mwili uliolowa unaweza kuuzuia umeme kwa omu 1 000 hivi. Gawa volti 220 kwa 1 000, unapata ampere 0,22, yaani miliampere 220. Ampuli ya kawaida ya wati 60 inakula miliampere 270 hivi. Kwa hiyo umeme ambao hautoshi kuwasha ampuli moja unatosha kabisa kumaliza mtu. Huko Marekani, profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California aliwapima watu waliojitolea, aone kila mmoja anaweza kuachia waya mpaka umeme wa kiasi gani. Kwa wanaume 134 wastani ulikuwa miliampere 16. Kwa wanawake 28 ulikuwa 10,5. Ukipita hapo vidole vinajifunga vyenyewe, unataka kuachia na huwezi. Kwa mtoto hata chini ya hapo inatosha. Ukifika miliampere 30 na zaidi, na ukikawia, pumzi inasimama na moyo unaweza kuanza kutetemeka bila kusukuma damu.

Na disjonkteri ya ukutani, je, haitakata? Ile ya ampere 10 inangoja miliampere 10 000 na zaidi. Imewekwa kuzuia waya zisiwake moto. Mtoto anayepitiwa na 220 haioni.

Kiko kifaa kinachomwona. Tunakiita difransieli. Kinahesabu umeme unaokwenda na unaorudi, na kama miliampere 30 hazikurudi, kinakata mara moja. Historia yake inatuhusu sisi watu wa migodi. Mwaka 1955 injinia Henri Rubin, aliyefanya kazi Alberton karibu na Johannesburg, alitengeneza mtambo wa kulinda watu katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, na mwaka 1956 akapata mwingine unaohisi umeme mdogo zaidi. Kisha mama mmoja akafa kwa umeme nyumbani mwake katika kijiji cha mgodi wa Stilfontein. Hakuwa ndani ya shimo, alikuwa kwake. Katika miaka ya 1957 na 1958 nyumba mia kadhaa za kijiji kile ziliwekewa vifaa hivyo vya miliampere 20. Ilibidi mama afe ndipo kilichokuwa kinalinda shimo kifike jikoni.

Kama una difransieli, ina kidole cha kubonyeza chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Isipokata, haifanyi kazi, hata kama taa zinawaka. Na kama unatumia gurupu, usidhani kuinunua na kuifunga inatosha. Mwite fundi aifunge gurupu yenyewe namna inayotakiwa, la sivyo difransieli inaweza kukaa tu kama pambo.

Sasa swali la wenye lupango, kwa maana wako wengi kati yetu: nani apimishe? Mimi nasema, mwenye chombo. Ukipangisha chumba kitupu, prizi na waya za ukutani ni zako. Ukipangisha na firigo au resho ndani yake, hizo pia ni zako, na mpangaji hawezi kufungua fishi yako kutazama ulikata nini. Katika nchi ya Scotland sheria inawalazimisha wenye nyumba, tangu Desemba 2015, kupimisha waya za nyumba pamoja na vyombo vya umeme wanavyoviacha kwa mpangaji, angalau mara moja kila miaka 5. Sisi hatuna haja ya kungoja polisi wa Scotland. Ukiwa unabadilisha mpangaji, kabla hujampa ufunguo, pimisha. Mpangaji naye akileta ralonji yake na resho yake, mwambie zipimwe pamoja na zako, kwa sababu umemwona yule kinyozi: ralonji yake iliungana na firigo ya jirani.

Mara ngapi? Hakuna namba moja kwa vyombo vyote. Chombo kinachokokotwa kwenye mawe na maji kinachakaa upesi, ndiyo maana kazini ni kila miezi mitatu. Pasi, resho na ralonji za nyumbani, ambazo waya zake zinapindwa kila siku, mara moja kwa mwaka ni vizuri. Firigo isiyohamishwa inaweza kukaa zaidi. Lakini chombo kilichoanguka, kilicholowa, au kilichouma mtu hata kidogo, kinapimwa siku ile, na kabla ya hapo hakitumiki. Kwa kipimo chote cha firigo ile tulikaa robo saa.

Wengi wananiambia fundi ni ghali. Ni kweli hafanyi bure. Lakini yako mambo mengi ambayo macho yako na pua yako vinaweza, na hayana bei. Kabla ya kuchomeka, chomoa kwanza, halafu pitisha waya wote mkononi toka mwisho mpaka mwisho: una jeraha, umebanwa, umefungwa kwa plastiki? Pale unapoingia kwenye fishi na kwenye chombo, ukiuvuta kidogo unatoka? Fishi imekuwa ya kahawia, inanuka, inapata moto mkononi? Ina miguu mingapi na prizi ina matundu mangapi? Sehemu kubwa ya makosa ambayo fundi wangu anakuta, anasema, anayakuta kabla ya kufungua sanduku la vipimo.

Ile turnevisi yenye taa ndogo ndani, wengi mnaiamini kupita kiasi. Inaweza kukuonyesha kwamba umeme upo. Haiwezi kukuambia kwamba waya wa tatu umekatika, na penye gurupu inadanganya huku na huku. Na wale wanaopima kwa kugusa na mgongo wa kidole, nisiongeze neno.

Kitu kingine kidogo: mashine fulani za plastiki zina alama ya mraba ndani ya mraba. Hizo zimetengenezwa na ngozi mbili na hazina waya wa tatu tangu kiwandani. Usidhani umeibiwa, na usiongeze wa kwako.

Narudi kwa mtoto. Gurupu ilipozimwa, watu walitaka kumwagia maji, mzee mmoja akataka alazwe kwenye mchanga ili «kuran itoke». Kuran haibaki ndani ya mtu. Ikikatwa imekwisha, kinachobaki ni moyo na mapafu yaliyosimama, na dakika ni chache. Nilimlaza chali mahali pakavu, nikainua kidevu, nikamvutia pumzi kinywani mara kadhaa kifua kikainuka. Hakujibu. Nikaweka mkono katikati ya kifua nikasukuma, kwa nguvu ya kushusha kifua sehemu moja ya tatu, mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, mwendo wa mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kinyozi alinipokea nilipochoka, nilimwonyesha palepale. Sijui ilichukua dakika ngapi, nilizoziona mimi zilikuwa nyingi. Kisha akakohoa.

Kusukuma kifua hivyo kulielezwa kwa waganga mwaka 1960 na watu watatu wa Baltimore, Marekani, na mkubwa wao, William Kouwenhoven, alikuwa injinia wa umeme, si daktari. Alikuwa akitafuta namna ya kuwaokoa mafundi wa nguzo. Nawaambia hivyo kwa sababu mara kwa mara mtu ananijibu, «Dokta, hiyo ni kazi yenu.» Mimi nilikuwa hatua hamsini kutoka kwa mtoto kwa bahati tu. Aliyemwokoa wa kwanza ni kinyozi, aliyejua kuzima kabla ya kugusa. Kama huwezi kuzima, chomoa fishi, au msukume mtu kwa kitu kikavu kisicho cha chuma, ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Hiyo ni kwa umeme wa nyumbani. Waya wa nguzo kubwa ukianguka, kaa mbali na uite wenye umeme wao.

Na yeyote aliyeshikwa na umeme, hata akiinuka na kusema yuko mzima, mleteni dispanseri au lopitali siku ile. Jeraha dogo kwenye kidole linaweza kuficha nyama iliyoungua ndani, moyo unaweza kusumbua baadaye, na mkojo ukiwa mweusi kama chai kali hiyo ni hatari kwa figo. Vile vidole viwili vya mtoto, siku ya kwanza, vilionekana na alama nyeupe tu, ndogo kama punje ya mahindi.

Ndugu yetu mwenye lupango amebadili prizi zote, amefunga waya wa ardhi, firigo imetengenezwa. Kazini, tangu hapo, chombo kilichokataliwa kinakatwa waya vipande vipande mbele ya magazinia kabla ya kutupwa. Kama una ralonji nyumbani yenye utepe mwekundu, au yenye gundi ya utepe uliobanduliwa, ilete dispanseri. Nitaikata mbele yako na sitauliza ilitoka wapi.

Wanaotaka kujifunza kusukuma kifua waje Jumatano saa kumi alasiri, mama na vijana pia. Tunafanyia mazoezi kwenye mto uliojazwa vitambaa. Vaa nguo ya kupiga magoti.